Mkono Ulio Nyuma ya Kamba

Mnyama hafiki uwanjani peke yake. Hata awe bingwa wa nchi nzima, lazima awepo mtu aliyemleta, aliyeshika kamba, na aliyemwambia simama naye akasimama. Waamuzi humtazama mnyama, watazamaji humtazama mnyama, na picha itakayotoka gazetini kesho yake itakuwa ya mnyama. Yule aliyeshika kamba aghalabu hukatwa kiunoni na mpiga picha, ukabaki mkono tu. Makala hii ni juu ya mkono huo. Nauliza ni wa nani, na kwa nini hesabu hubadilika pindi tunapogundua kwamba ni wa mwanamume au wa mwanamke.

Mfano wangu mkubwa ni maonyesho ya mbwa. Najua msomaji wa Singida atashangaa. Huku kwetu, toka Manyoni hadi Mkalama, mbwa ni mlinzi wa zizi na mwenzi wa mchungaji. Hana nasaba iliyoandikwa, hana kitana chake, na wengi hatujapata kumwona mbwa akizungushwa uwanjani ili apewe utepe. Lakini nimemchagua mbwa kwa makusudi. Ng'ombe tukimsifu, mara tunasifu maziwa. Mbuzi tukimsifu, mara tunasifu bei yake mnadani. Mbwa haliwi wala hakamwi. Sifa zake hazina kilo wala lita za kujifichia, na kwa hiyo anapohukumiwa, tabia za wanaomhukumu huonekana waziwazi.

Kwa asiyepata kuyaona, maonyesho hayo huendeshwa hivi. Mbwa hugawanywa kwa aina zao, na kila aina ina maelezo yaliyoandikwa kuhusu umbo lake: kimo, kichwa, meno, manyoya, rangi, mkia na mwendo. Mwamuzi humlinganisha kila mbwa na maelezo yale, na anayeyakaribia zaidi ndiye mshindi. Mbwa mdogo hupandishwa juu ya meza, mwamuzi akampapasa mgongo na kumfunua midomo atazame meno. Kisha mshikaji humkimbiza kwenda na kurudi ili mwendo wake uonekane. Washindi wa aina mbalimbali hukutana katika makundi, na washindi wa makundi hukutana mwishoni, akapatikana bingwa mmoja. Katika Afrika ya Mashariki mambo haya yapo Nairobi, ambako chama kiitwacho East Africa Kennel Club huyafanyia katika viwanja vya Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong. Desturi yenyewe asili yake ni Uingereza.

Mshikaji ana kazi kubwa kuliko ionekanavyo. Mfukoni huweka vipande vya maini yaliyopikwa, ili mbwa aelekeze masikio mbele kwa wakati unaotakiwa. Anajua mwendo gani unampendeza mbwa wake na mwendo gani unamwaibisha. Anajua kamba ilegezwe wapi na ikazwe wapi. Akiwa mwanamume huvaa koti na tai. Akiwa mwanamke aghalabu huvaa suti ya sketi na viatu vya kisigino kifupi, maana atakimbia. Nguo isivutie kuliko manyoya ya mbwa. Mshikaji hodari ni yule ambaye mwamuzi akiulizwa jioni alivaa nini, hakumbuki. Kwa maneno mengine, sanaa hii hukamilika pale msanii anapotoweka.

Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na hapo ndipo ninapoanza kuilaumu. Sanaa ya kutoweka ni nzuri kwa mtu ambaye jina lake limekwisha kuandikwa mahali. Kwa mtu ambaye hakuandikwa popote, kutoweka ni kupotea kabisa.

Tutazame historia. Maonyesho ya kwanza ya mbwa ya namna hii yalifanyika mjini Newcastle, Uingereza, mwezi Juni mwaka 1859. Walioshindanishwa walikuwa mbwa wa kuwindia ndege tu, na zawadi zilikuwa bunduki. Zawadi hiyo yatosha kutuambia waandaaji walimtazamia nani aje kushinda. Mwaka 1873 waungwana wa London walianzisha chama cha kusimamia mambo ya mbwa, Kennel Club, kikiwa cha wanaume. Mwaka 1891 mfanyabiashara Charles Cruft, aliyekuwa muuzaji wa biskuti za mbwa, aliandaa maonyesho yanayobeba jina lake hadi leo. Katika maonyesho hayo ya kwanza, miongoni mwa mbwa walioingizwa walikuwamo wa Malkia Victoria mwenyewe. Fikiri jambo hilo: mwanamke aliyetawala karibu robo ya dunia alileta mbwa wake washindane, ilhali chama kilichotunga kanuni za mashindano ya mbwa nchini mwake kilikuwa cha wanaume. Cruft alipofariki mwaka 1938, mjane wake Emma ndiye aliyeyaendesha maonyesho ya 1939. Basi wanawake walikuwapo tangu mwanzo. Walikosekana katika kikao tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa bibi mmoja, Florence Nagle, aliyezaliwa mwaka 1894. Alikuwa mfugaji wa mbwa wakubwa wa Ireland wanaoitwa wolfhound, na pia mfunzaji wa farasi wa mbio. Kwa upande wa farasi, chama kilichotawala mbio hizo kilikataa kuwapa wanawake leseni ya kufunza. Njia iliyotumika ilikuwa hii: mwanamke anafanya kazi yote, na leseni inaandikwa kwa jina la mtumishi mkuu wa zizi lake, maadamu mtumishi huyo ni mwanamume. Bibi Nagle alikwenda mahakamani, na mwaka 1966 chama kikasalimu amri. Kwa upande wa mbwa mambo yalikuwa vilevile. Mwaka 1960 mbwa wake aitwaye Sulhamstead Merman alikuwa bingwa wa maonyesho ya Cruft, ambayo wakati huo yalikuwa mikononi mwa Kennel Club. Mbwa alitangazwa kuwa bora kupita wote waliofika, lakini bibi mwenye mbwa hakuweza kuwa mwanachama kamili wa chama kilichomtangaza. Wanawake walikuwa na tawi lao tu, wasipige kura katika mambo makubwa. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiishia, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alikishitaki chama hicho nacho, na mwaka 1979 wanawake wa kwanza wakaingizwa kuwa wanachama kamili. Chama kilikuwa na umri wa miaka 106.

Marekani hawakuwa wepesi zaidi. Chama chao kikuu, American Kennel Club, kilianzishwa mwaka 1884, na wajumbe wake walikubali wanawake kuwa wajumbe wenzao mwaka 1974, yaani baada ya miaka 90. Katika maonyesho yao makubwa ya Westminster, yaliyoanza New York mwaka 1877, mwanamke wa kwanza kuamua bingwa wa maonyesho yote alikuwa Geraldine Dodge, mwaka 1933. Mwanamke wa kwanza aliyeajiriwa kwa kazi ya kushika mbwa akashinda taji hilo alikuwa Anne Rogers, ambaye baadaye aliitwa Anne Rogers Clark. Alishinda mwaka 1956 akiwa na kimbwa cheupe, na akalirudia taji hilo mwaka 1959 na 1961.

Tuangalie vizuri hilo neno "aliyeajiriwa". Wanawake walikuwa wamekwisha kushika mbwa wao wenyewe katika maonyesho kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilionekana pale mkono ulipolipwa. Maadamu mwanamke anamshika mbwa wake kwa mapenzi, watu husema ni burudani ya mama wa nyumbani. Kazi ileile ikipata mshahara, hugeuka kuwa ufundi, na mara fundi anatarajiwa kuwa mwanamume. Jambo hili halitushangazi sisi. Nyumbani mpishi ni mama. Hotelini aghalabu mpishi mkuu ni baba, tena amevaa kofia ndefu. Nyumbani anayeshona vifungo na kutia viraka ni mama; ukienda barazani sokoni, wengi waliokalia cherehani ni wanaume. Mikono haikubadilika, ila malipo yameingia.

Wapo wanaojaribu kueleza tofauti hii kwa maumbile. Kundi la kwanza husema mwanamume anafaa zaidi kwa sababu ana nguvu, anakimbia hatua ndefu, na mbwa humtii mwenye sauti nzito. Kundi la pili hujiona wema zaidi. Husema mwanamke ndiye afaaye, kwa sababu mkono wake ni mwororo, ana subira, na mnyama humwona kama mama. Mimi nayakataa makundi yote mawili, na hilo la pili nalikataa kwa nguvu zaidi, kwa vile limejificha ndani ya sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; lakini kuna sifa nyingine ambazo zinamtia maji msifiwa mwenyewe. Ukisema mwanamke anamweza mnyama kwa sababu alizaliwa na subira, umemnyang'anya miaka aliyojifunza. Ustadi wake umeufanya kuwa kama rangi ya macho, kitu ambacho hakukitafuta na kwa hiyo hastahili kulipwa kwacho.

Ushahidi wa kuyapinga makundi haya unatoka katika maonyesho yenyewe. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani wana shindano la watoto, ambalo ndani yake mwamuzi hatazami umbo la mbwa hata kidogo. Anamtazama mtoto: anashikaje kamba, anasimamaje ili asimzibe mbwa, anafanyaje mbwa akikaidi. Ni mahali pamoja uwanjani ambapo mkono wenyewe unapewa alama, na wavulana na wasichana huingia humo pamoja. Jambo hilo lingekuwa upuuzi kama mkono ungekuwa wa kuzaliwa nao. Ni wa kufunzwa. Niliyefanya kazi ya kukagua mazoezi ya kufundisha ya walimu wanafunzi naweza kuongeza neno hapa: mwalimu mwanamume na mwalimu mwanamke walioandaa somo usiku kucha hufanana zaidi kuliko wanaume wawili ambao mmoja wao hakuandaa. Saa za kazi ndizo ziutengenezazo mkono.

Sasa nije kwa mbwa mmoja anayetuhusu zaidi, maana amebeba neno la lugha yetu. Katika misitu ya Kongo wapo mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, wasiobweka kama wengine. Wawindaji huwafunga kengele za mti shingoni wapate kujua wako wapi kichakani. Huko Ulaya na Marekani mbwa hawa huitwa Basenji. Jina hilo limetokana na neno la Kilingala lililo ndugu wa neno letu "washenzi". Nasi hapa Afrika ya Mashariki tumelizoea neno hilo kwa mbwa: wakati wa ukoloni mbwa wa Mwafrika aliitwa mbwa shenzi, na mbwa wa Mzungu aliitwa kwa jina lake. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwafikisha mbwa hao wa Kongo katika maonyesho ya Cruft, na watu wakajazana kuwatazama. Mwingereza mwingine, Veronica Tudor-Williams, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwazalisha, na mwaka 1959 alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya. Mbwa yuleyule aliyekuwa mshenzi kichakani akawa mwungwana alipobadilisha mshika kamba.

Siwadharau wanawake hao wawili. Kazi yao ilikuwa ya kweli, na waliifanya wakati chama cha nchi yao hakikuwahesabu sawasawa na wanaume. Lakini hapa tunaona kwamba aliyesahauliwa naye aweza kumsahau mwingine. Kitabu cha nasaba cha Basenji kinaanza na mbwa waliofika Ulaya. Vizazi vya watu waliomchagua mbwa yule, wakamlisha, wakamfunza asimle mnyama aliyenaswa kabla mwindaji hajafika, havimo. Mwaka 1990 Wamarekani walilazimika kukifungua tena kitabu hicho, wakaandikisha mbwa wapya waliotolewa Zaire, kwa vile wale wa mwanzo walikuwa wachache mno na maradhi ya kurithi ya figo yalikuwa yameenea katika kizazi chao. Waliwahitaji tena wale mbwa wa kichakani, na nyuma ya mbwa hao iko mikono isiyoandikwa, ya wanaume na ya wanawake.

Baada ya kuwalaumu wenzetu, ni haki tujitazame. Lugha yetu haina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Tunaposema "mshika kamba" hatujasema ni nani, nami huona fahari kwa hilo. Lakini lugha isipotubagua kwa sarufi, sisi wenyewe tunabagua kwa vyeo. Kwa miaka mingi mtaalamu wa kilimo aliyekuja kijijini aliitwa Bwana Shamba, wa mifugo aliitwa Bwana Mifugo, na wa usafi Bwana Afya. Msichana wa kwanza alipohitimu chuo cha kilimo akaletwa kijijini, ilibidi aundiwe jina, akawa Bibi Shamba, na wapo waliolitamka wakicheka. Leo husemwa afisa ugani, neno lisilochagua. Hata hivyo sikiliza watu wakizungumza: afisa asiyejulikana bado, katika mawazo ya msemaji, huja amevaa suruali na ndevu.

Nenda katika maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, ambako sisi wa kanda ya kati, Dodoma na Singida, hukutana. Utamwona ng'ombe wa Mpwapwa, yule aliyepatikana kwa kuchanganya damu ya zebu wetu na ya ng'ombe wa India na Pakistani katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa. Amesuguliwa hadi anang'aa. Mtaalamu aliyesimama kando yake anajua nasaba yake, uzito wake na chakula chake. Hayo ni mazuri. Lakini tazama mabanda ya wafugaji wa kawaida. Mara nyingi aliyeshika kamba ni baba, na mama yuko nyuma na ndoo. Ukiuliza mnyama huyu anakula nini asubuhi na nini jioni, na ni lini alikataa majani akaugua, baba hugeuza shingo. Jibu liko kwenye ndoo. Mgeni rasmi hupeana mkono na aliye karibu na kamba, naye huondoka.

Msomaji aweza kusema: haya ni mambo ya utepe na picha, yana madhara gani? Nami naleta onyesho la mbwa la Singida, kwa maana tunalo, ingawa halina zawadi. Ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tangazo hutolewa, mbwa huletwa uwanjani mwa shule au chini ya mti wa ofisi ya kijiji, nao husimama foleni na watu wao. Afisa mifugo ana sindano na sanduku la barafu. Mbwa waliofungwa kamba za katani, za mpira, za kitambaa cha kanga, na wengine wasiojua kamba ni nini hadi asubuhi ile. Hapo hakuna atazamaye mkia. Swali ni moja tu: je, mbwa huyu anaweza kushikwa kwa dakika moja bila kumwuma mtu?

Ugonjwa wenyewe hauna mzaha. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwezi Julai mwaka 1885, na siku aliyofariki, tarehe 28 Septemba, ndiyo huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huvunjwa nguvu pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa, tena linasema watu wanne katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo mbwa anayerudishwa nyumbani bila chanjo kwa sababu hakushikika, huyo ni pengo katika ukuta wa kijiji kizima.

Nimesimama mara kadhaa kando ya foleni hiyo. Tangazo huwa limesema, "Kila mwenye mbwa amlete mbwa wake." Wenye mbwa, kwa maana ya wenye kaya, huja. Siku moja baba mmoja wa makamo alifika akimvuta dume kubwa la manjano. Mbwa alikuwa akirudi nyuma, akinguruma, povu la hasira mdomoni. Afisa akasema, "Mzee, mshike vizuri, mweke katikati ya miguu." Mzee alipoinama, mbwa alimwonyesha meno. Watu wakaruka kando. Mzee akasimama, akafuta jasho, akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja tumwite mama watoto." Mama akaja kutoka kisimani, ndoo akaiweka chini. Hakuvuta kamba. Alimwita mbwa kwa jina, akachutama, akamkumbatia shingo kwa mkono mmoja na kumfunika macho kwa mwingine. Sindano iliingia, ikatoka.

Afisa akachukua kadi, akauliza, "Mama, niandike jina la nani, mwenye mbwa?"

Akajibu pasipo kufikiri, akiokota ndoo yake, "Andika la baba yao."

Hakuna aliyekosa adabu katika mazungumzo hayo. Mzee alikuwa mkweli, afisa alikuwa mpole, na mama alijibu kama mila inavyomtaka ajibu. Ndiyo maana ni mfano mzuri. Kadi nilizoziona zina mstari mmoja wa jina. Mwaka utakaofuata, afisa mwingine ataisoma orodha, atamwita mwenye jina, na mwenye jina atakuja tena na mbwa asiyemjua. Huenda siku hiyo mama awe amekwenda kliniki. Ninaloliona hapa ni lilelile la leseni ya farasi ya Uingereza kabla ya 1966: kazi kwa huyu, karatasi kwa yule.

Yapo mambo mawili ya kusemwa dhidi yangu, nami sitayaficha. La kwanza ni kwamba umiliki una mzigo wake. Mbwa akiua mbuzi wa jirani au kumwuma mtoto wa watu, anayeitwa barazani kujibu na kulipa ni baba. Kwa hiyo jina lake katika kadi si heshima tupu, ni dhamana pia. Nakubali, na sitaki jina hilo lifutwe. La pili ni kwamba si kila mtu anaweza kumgusa mbwa. Wapo ndugu zetu Waislamu wanaojiepusha na mate yake kwa ajili ya ibada, na kauli yao lazima iheshimiwe. Wengine mbwa wao hushikwa na wavulana wachungaji tu, kwa kuwa ndio wanaoshinda nao mbugani. Basi sisemi kila mbwa ashikwe na mama. Nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye kundi lile la mikono myororo. Nasema aulizwe kwanza anayemjua mbwa, awe mke, mume, mvulana au bibi kizee, naye huyo ndiye aitwe.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo mepesi. Tangazo la chanjo liseme, "Mbwa aletwe na anayemlisha." Litolewe barazani, lakini litolewe pia kisimani, kliniki na darasani, mahali walipo wenye kumlisha. Kadi iwe na mistari miwili: mwenye mbwa, na mtunza mbwa. Nyumba ambayo watu hao wawili ni mmoja, jina litaandikwa mara mbili bila hasara. Na huko Nzuguni, kibao kilicho mbele ya mnyama, penye umri na uzito wake, kiongezewe jina la anayemtunza kila siku. Wino wa kuandika hayo ni wa senti chache.

Lakini nawaonya wale watakaoona wepesi kuishia kwenye sifa. Kumpigia mama makofi siku ya chanjo kwamba ni hodari wa mbwa, kisha kumwacha nje ya kikao kinachoamua mbwa wangapi wafugwe, josho likarabatiwe lini na fedha za mnada ziende wapi, ni kumpa utepe tu. Bibi Nagle alikuwa amekwisha kupata utepe mkubwa kuliko wote mwaka 1960. Alichokitaka ni kura, na alikisubiri miaka 19 mingine.

Kuhusu maonyesho ya mbwa yenyewe, hukumu yangu ni hii. Ni mchezo wenye ufundi halisi ndani yake, na anayeudharau kwa sababu ni wa mbwa hajautazama vya kutosha. Kasoro yake ni kwamba umeufanya mkono usionekane, kisha ukajidai kwamba hauhusiki na mkono ni wa nani. Lakini muda wote huo kikao kilijua. Kilijua nani apewe leseni, nani apige kura, na nani aandikwe. Vikao vyetu vya vijiji navyo vinajua, na kadi za chanjo za mwaka ujao bado hazijachapwa.